Mwenye gari ndiye alipe



Lipo jambo linalowaumiza wananchi wengi. Nalo ni fidia pale gari linaloleta mzigo linapoharibu mali ya mtu.

Kila siku magari ya saruji, mchanga, nondo na samani huingia katika vichochoro vya miji yetu. Gari hurudi nyuma, utingo hupiga kelele "njoo, njoo", na mara ukuta uko chini au tairi limezama katika karo la choo. Dereva huomba radhi, hutoa noti mbili tatu alizo nazo mfukoni, na huahidi kurudi Jumamosi. Jumamosi haonekani. Ukimwendea tajiri wake hukujibu: "Mtafute dereva, mimi sikuwapo."

Jibu hilo si la haki wala si la kisheria. Mahakama zetu hufuata kanuni kwamba mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mwajiriwa wake akiwa katika kazi aliyomtuma. Si lazima tajiri awe alikuwapo. Dereva alikwenda pale kwa faida ya tajiri, na apendaye boga sharti apende na ua lake. Tajiri hupona ikiwa dereva alichukua gari kwa safari zake mwenyewe. Na kama duka lilikodi gari la kijiweni, basi wa kudaiwa kwanza ni mwenye gari hilo.

Hapa Morogoro namfahamu mama mmoja aliyevunjiwa ukuta wa jiko. Tajiri alimfukuza dereva siku ile ile, kisha akamwambia mama kwamba kwa kuwa kijana hayupo tena kazini, shauri limekwisha. Huo ni udanganyifu. Kinachoangaliwa ni siku ya tukio: siku ile kijana alikuwa mwajiriwa wake. Matokeo yake watu wawili wanyonge wameumizwa: mama hana jiko na kijana hana kazi, na aliyepata faida hakutoa hata senti.

Najua matajiri watasema kwamba wakilipa wao, madereva watazidi kuzembea. Hoja hiyo haina nguvu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kumkata mwajiriwa aliyesababisha hasara kwa kosa lake, mradi wamekubaliana kwa maandishi, amemweleza sababu na kumpa nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Wamalizane wao kwa wao. Mwenye ukuta asingojee ugomvi wao.

Lakini sisi wananchi nasi tusikae tukilalamika tu. Kwanza, usitie sahihi kwamba mzigo umepokelewa salama kabla hujaandika uharibifu katika karatasi ile ile. Piga picha kabla gari halijaondoka. Andika namba ya gari, jina la dereva na jina la mwenye gari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame na ajitambulishe. Muite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, kisha toa taarifa polisi.

Pili, pata makadirio ya fundi kwa maandishi na utunze stakabadhi zote. Dai gharama ya kurudisha kilichokuwapo. Aliyevunjiwa ukuta wa udongo asidai ukuta wa mawe, maana fidia si bahati nasibu.

Tatu, mwandikie mwenye gari barua ya madai na ubaki na nakala. Muulize bima ya gari ni ya kampuni gani. Hata bima ndogo kwa kawaida huwa na kifungu cha mali ya watu wengine, kwa kiwango kilichoandikwa katika hati. Kampuni ya bima ikikuzungusha, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Yote yakishindikana, mahakama ipo. Madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kama gari ni la serikali, ni lazima kwanza kutoa notisi ya siku 90. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili yake, na tangu mwaka 2021 sheria inatambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Ombi langu kwa viongozi wa mitaa ni hili: mnapoitwa kusuluhisha, msimbane dereva peke yake eti kwa kuwa ndiye anayeonekana. Mwiteni mwenye gari akae katika kikao. Noti mbili za dereva hazijengi ukuta, ila humfunga mdomo aliyeonewa.

Mpenda Haki,
Morogoro.