Malala alijenga jina na drama za shule. Msee wa Kericho ama Bomet anaweza pia?

Wewe unayesoma hii ukiwa Litein, Sotik, Silibwet ama hapo Kericho taoni ukingoja mvua ya mchana iishe ndio uvuke barabara. Kama ulisoma sekondari huku kwetu, lazima unamkumbuka yule msee wa drama. Ndiye aliandika skripti, akapanga nani anaingia kutoka upande gani, akakopa koti la daktari hospitalini na akamsumbua mwalimu mkuu mpaka doo ya mapambo ikapatikana. Alipomaliza form four, wazazi walimwambia atafute kazi ya maana. Siku hizi ni MC wa harusi, na msimu wa kampeni ukifika anashika maiki kwa gari la mwanasiasa.

Yule msee alikuwa prodyuza, ni vile tu hakuna aliyemwambia. Prodyuza wa thieta si lazima awe mwandishi wala mwigizaji. Ni yule anayefanya mchezo utokee. Anatafuta stori, anaita waigizaji, analipa ukumbi, anauza tiketi, na mambo yakiharibika ni yeye anatafutwa.

Na kama unataka kujua kazi hiyo inaweza kukufikisha wapi hapa Kenya, na inaweza kukuingiza kwa shida gani, cheki stori ya Cleophas Malala.

Kutoka Butere hadi Seneti

Mwaka 2013, Butere Girls waliingia mashindano ya drama na mchezo unaoitwa Shackles of Doom, ulioandikwa na Malala. Ulikuwa unaongelea ukabila na vile keki ya taifa inagawanywa. Ulifanya vizuri ngazi za chini, halafu wakubwa wakaamua hautaenda kitaifa. Okiya Omtatah akakimbia kortini, na Aprili mwaka huo Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaondoa marufuku. Wasichana wakaigiza, na jina la Malala likawa kubwa nje ya Kakamega.

Mwaka huo huo akawa MCA. 2017 akachaguliwa seneta wa Kakamega. 2022 akajaribu ugavana akaanguka, na Februari 2023 akapewa ukatibu mkuu wa UDA, chama cha Rais. Agosti 2024 akaondolewa.

Halafu 2025 akarudi pale alipoanzia. Butere Girls, mchezo mpya, Echoes of War. Safari hii ilikuwa stori ya vijana na utawala, chini ya mwaka mmoja baada ya maandamano ya Gen Z ya Juni 2024. Mchezo ukazuiwa tena. Korti tena, safari hii Mahakama Kuu ya Kisii, ikasema waruhusiwe. Fainali zilikuwa Nakuru, kwa jirani tu, unapanda matatu hapa Kericho unapita Londiani na Salgaa umefika. Usiku wa kuamkia siku yao, Malala akashikwa na makarao na kupelekwa Eldama Ravine. Asubuhi ya Aprili 10 wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Nje, watu waliokuja kuona mchezo walikuwa wanapigwa vitoa machozi. Malala akaachiliwa bila mashtaka.

Wengi walimaliza stori hapo, upande mmoja ukisema serikali inaogopa watoto, mwingine ukisema mwanasiasa anatumia watoto. Waziri wa Elimu Julius Ogamba aliuliza mtu ambaye si mwalimu anafanya nini na mchezo wa shule. Hata kama huipendi serikali, hilo swali si la kurusha nje ya dirisha. Waliobeba hatari siku ile walikuwa wasichana wenye sare, si watu wazima walioandika na kushangilia.

Lakini kuna swali la kwanza kabla ya hilo. Kwa nini mchezo mzito kiasi hicho uliwekwa mdomoni mwa wanafunzi? Jibu ni kwamba nje ya Nairobi, shule ndiyo karibu jukwaa pekee lenye pesa, waigizaji na watu wa kutazama. Sisi watu wazima hatujajijengea letu. Tunawapa watoto maneno yetu magumu, halafu karao akija tunashangaa.

Nani analipa?

Ukitaka kuelewa maisha ya prodyuza yeyote, uliza nani anamlipa. Huku kwetu kuna mifuko mitatu.

Wa kwanza ni shule. Msimu wa drama, shule nyingi zinatafuta mtu wa nje wa kuandika na kuelekeza. Ukiwa mkali, kazi inakuja kila mwaka. Lakini jukwaa ni la Wizara, majaji ni wa Wizara, na washindi huitwa kuigiza mbele ya Rais. Aliye na jukwaa anaweza kulizima. Malala alikuwa na amri ya korti mkononi na bado lilizimwa.

Chini ya mfuko huo huo kuna setibuku. Unajua zile mbogi zinazozunguka shule na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, mwalimu anachangisha pesa, wanafunzi wanajaa ukumbini ndio wasifeli fasihi. Hiyo ni biashara ya ukweli na imelisha wasanii wengi. Lakini soko lake liko karibu kubadilika. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Kwa upande mwingine, sekondari ya juu ya mtaala mpya ina mkondo wa sanaa na michezo, na thieta na filamu ni somo ndani yake. Watoto wetu watasomea kazi hii darasani. Wakimaliza, wataifanyia wapi?

Mfuko wa pili ni wafadhili, kaunti na kampeni. Unaitwa uigize kuhusu ukimwi, ukeketaji, kujiandikisha kura. Pesa inaingia, na ujumbe mara nyingi ni mzuri. Ila mradi ukiisha, mbogi inavunjika, na hakuna mfadhili atakulipa uigize juu yake mwenyewe.

Mfuko wa tatu ni mtazamaji. Nairobi kuna makundi yanaishi kwa huu. Heartstrings ya Sammy Mwangi imekaa miaka mingi kwa vichekesho na tiketi, mchezo baada ya mchezo. Hawangoji barua ya mtu. Watu wakicheka wanarudi, wasipocheka ukumbi unabaki viti. Ni mfuko mgumu kuliko yote, lakini ndio pekee ambao mwenye nao ni wewe na watu wako.

Nchi ya majani chai ishawahi kufanya hii kitu

Kuna mtu atasema thieta ya tiketi ni mambo ya Nairobi, watu wa ocha hawalipi. Mwambie kuhusu Kamĩrĩĩthũ. Hiyo ni Limuru, nchi ya majani chai kama hapa. Mwaka 1977 wakulima wadogo, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata na vibarua wa mashamba ya chai walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao. Wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa lugha yao, kuhusu ardhi na mishahara yao. Ulianza Oktoba 2 na watu wakaja kwa wingi. Novemba 16 leseni ikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini kama mwaka mzima hivi bila kesi. 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Kwa hivyo usidanganywe kwamba mfuko wa mtazamaji unakukinga na serikali. Kamĩrĩĩthũ haikukingwa. Tofauti ni kwamba wakati ule hapakuwa na Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa sanaa waziwazi. Korti zimesimama na wasanii 2013 na tena 2025. Sheria iko upande wako, japo karao anaweza kukuchelewesha usiku mmoja. Na mtu mzima akishikwa usiku mmoja anajua alichokuwa anafanya. Mtoto wa shule hapaswi kupewa huo mzigo.

Na stori tunazo mpaka zinamwagika. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulitolewa Kericho na mkoloni ukapelekwa Gwassi, upande wa ziwa. Februari 2023 BBC ilionyesha filamu ambayo zaidi ya wanawake 70 walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi kwenye mashamba yaliyokuwa ya Unilever na James Finlay. Mei mwaka huo mashine za kuchuna majani zilichomwa Kericho kwa sababu watu waliona zinawala kazi. 2024 mashamba ya Lipton yakaenda kwa Browns ya Sri Lanka. Na kila bonasi ikitangazwa, mkulima wa huku anauliza kwa nini mwenzake wa Mlima Kenya amepata zaidi kwa majani yale yale ya kijani.

Sasa niambie, ni mchezo gani wa watu wazima umeona ukumbini Kericho ama Bomet kuhusu hata moja kati ya hizo? Filamu ilitoka London. Ripoti zikaandikwa na wengine. Sisi tulibaki kusoma maoni ya watu Facebook.

Hesabu ya soo mbili

Tuongee pesa, maana bila hesabu hii yote ni porojo. Chukua mfano. Umepata ukumbi wa kanisa ama wa kijamii Litein, watu 250, kiingilio soo mbili. Hiyo ni elfu 50. Waigizaji wanane, kila mmoja thao mbili, ni elfu 16. Mwandishi na mwelekezi, elfu 10. Ukumbi, spika na taa, elfu 10. Usafiri na mabango, elfu 6. Umebaki na elfu 8, na hapo watu wote 250 wamekuja kweli.

Elfu 8 haikuomoshi. Lakini angalia, mazoezi yameshafanywa, nguo ziko, skripti iko. Wiki ijayo mchezo ule ule unaenda Kapkatet, halafu Sotik, halafu Bomet taoni, halafu Longisa. Hapo ndipo kazi ya prodyuza ilipo. Prodyuza halali akitoa jasho kwa onyesho moja la kumaliza. Anauza mchezo mmoja masoko matano, na wa pili anauandika kwa pesa ya wa kwanza.

Kuna mambo matatu ya kuchanuka. Kwanza, msimu. Usilete tiketi Januari watu wakilipa karo. Bonasi ya KTDA ikiingia Oktoba, mifuko ina kitu. Pili, lugha. Tamasha za wasanii wa Kikale zinajaza watu huku, na watu wanalipa. Mchezo wa Kipsigis na Kiswahili, ulio na kicheko ndani yake, una soko kuliko Kiingereza cha mashindano. Hata stori nzito ya mashine za chai inaweza kuanza na mzee anayejaribu kuoa kwa pesa ya bonasi. Watu wakishacheka, watakusikiza. Tatu, mahali. Vijiji vingi vya vibarua viko ndani ya ardhi ya kampuni, na huwezi kuingia na spika bila ruhusa. Anza na ukumbi wa taoni ama senta ya soko, mahali ambapo mtu wa kijiji na mkulima mdogo wote wanaweza kufika na kurudi nyumbani kabla giza halijaingia.

Malala alijua kitu kimoja ambacho wengi wetu tunakipuuza. Drama ina nguvu kuliko hotuba, ndiyo maana ilimfungulia mlango wa siasa na ndiyo maana ilimlaza seli. Lakini yeye aliitumia kama ngazi, na jukwaa likabaki la shule. Huku Kericho na Bomet tunahitaji msee atakayekaa, atakayefanya mchezo wa pili na wa tatu, ambaye watu watamjua kwa kazi yake bila kumtafuta kwenye karatasi ya kura.

Kama wewe ndiye yule msee wa drama wa darasa lenu, bado una namba za wale mlioigiza nao. Wapigie. Kama wewe ni mtazamaji tu, kazi yako ni rahisi zaidi. Siku bango likibandikwa hapo stejini, usiulize kama kuna mheshimiwa atakuja kulipia wote. Toa soo mbili zako, kaa chini, na mchezo ukiwa mbovu mwambie prodyuza usoni. Umelipa, una haki hiyo.