Kisunzi Kinapoingia Nyumbani



Wasomaji wanaojua kwamba safu hii huandikiwa Mukurweini, kule Nyeri, huniuliza nimeizoeaje baridi. Baridi huzoeleka. Nisichokizoea ni kisunzi. Kilinishika mara ya kwanza katika mwaka wangu wa nne wa kusomesha huku, alfajiri, nilipokuwa nikiinuka kutoka sijda. Ukuta ulianza kuzunguka, paa likaufuata, nami nikaanguka kwa ubavu nikiung'ang'ania mswala. Mimi ni mjukuu wa nahodha. Nimepanda dau wakati wa kusi na sikuwahi kutapika. Siku ile nilitapika mpaka jua likapanda.

Jirani alidhani nimekula kitu kibovu. Mume wangu alidhani ni presha. Shangazi yangu, kwa simu kutoka Mombasa, alitaja husuda. Zahanati ya kwanza ilinipa dawa za malaria. Ilipita miezi kabla daktari wa masikio hajaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: je, sikio moja huvuma kabla ya kuanguka? La kushoto lilikuwa likivuma, kama kombe la pwani uliwekapo sikioni, na kujaa kana kwamba limeingia maji.

Ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji, navyo huuarifu ubongo kichwa kimegeukia wapi. Majimaji ya sikio la ndani yakizidi, habari hupotoka, na mtu aliyelala huhisi anazungushwa. Kisunzi hicho aghalabu hudumu kuanzia dakika 20 hadi saa kadhaa, na usikivu hupungua kidogo kidogo. Maradhi haya yana jina la Prosper Ménière, tabibu wa Kifaransa, ambaye mwaka 1861 aliwaeleza wenzake mjini Paris kwamba chanzo ni sikio, wakati wao wakiulaumu ubongo. Kuna kisunzi kingine, cha muda usiotimia dakika, kinachomshika mtu anapogeuka kitandani au anapoinama. Hicho hutokana na chembe ndogo zilizohama mahali pake sikioni, na mara nyingi mtaalamu hukiondoa kwa kukigeuza kichwa kwa utaratibu maalumu. Changu hakiondoki hivyo.

Mukurweini ni migongo na mabonde. Hata kwenda dukani ni kupanda au kushuka. Mwalimu wa buibui anayepepesuka mchana kweupe hana wa kumtetea, nami nimesikia kicheko nyuma yangu. Siku hizi sipandi pikipiki, na wanafunzi wawili hunisindikiza mteremkoni bila kuambiwa.

Nyumbani, kosa letu lilikuwa huruma. Kila nilipoanguka watu walinibeba mbiombio kitandani, na kila hatua yao ilikuwa wimbi jipya. Sasa wamejifunza: niachwe pale pale nilipoanguka, nimelala ubavu, beseni karibu, taa ipunguzwe, na mtu akae kimya mbele yangu ili macho yangu yapate kitu kisichosogea. Kazi hiyo huifanya binti yangu wa miaka tisa, na huifanya vizuri kuliko sisi wazima. Lakini kisunzi kikija na ulimi mzito, mkono uliolegea au kuona vitu viwili viwili, huo si wakati wa kungoja. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kuhusu swala, nililia kabla ya kukubali kiti. Nilijua kwamba Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Husayn, aliyekuwa na bawasiri, aswali ameketi akishindwa kusimama, na akishindwa kuketi, kwa ubavu. Kulijua kwa ajili ya wengine ni jambo moja.

Lililobaki ni chumvi, ambayo daktari alinitaka niipunguze sana. Kila mwezi mama yangu hunitumia kikapu kwa basi: papa mkavu, ng'onda, achari ya embe. Nilipomwambia asitume tena alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama vyakula vya bara vimenibadilisha. Ilibidi mume wangu amweleze habari za majimaji ya sikio, mara mbili. Juma lililopita kikapu kilifika. Ndani mlikuwa na nazi sita, ndimu, bizari, na chupa ya achari aliyoitengeneza bila chumvi. Imeoza njiani, na sijamwambia.