Foto iliyobaki juu ya mwezi

Juma hili watoto wa darasa la sita walituuliza kama ni kweli watu walifika juu ya mwezi, ao ni sinema tu. Tukawajibu: ni kweli. Kati ya 1969 na 1972 watu 12 walitembea kule, wote Wamarekani, na wote wanaume (hilo tutaliongea siku nyingine). Leo tuongee foto walizopiga, kwa sababu hizo mama anaweza kumuonyesha mtoto kwa telefone.

Tarehe 24 Desemba 1968, Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders walikuwa wanazunguka mwezi ndani ya Apollo 8, bila kutua. Walipaswa kupiga foto za mashimo na milima ya mwezi. Mara dunia yetu ikatokea dirishani, inapanda nyuma ya mwezi. Anders akapiga moja nyeusi na nyeupe, kisha akaomba haraka filimu ya rangi. Ile ya rangi ndiyo ilienea kila mahali: chini udongo wa kijivu kama majivu ya jiko, juu dunia ya bluu na nyeupe.

Nyingine inatuhusu sisi. Tarehe 7 Desemba 1972, watu wa Apollo 17, wakiwa mbali karibu kilometre 29 000, walipiga foto ya dunia nzima, duara kamili. Upande uliowaelekea ulikuwa Afrika. Sahara inaonekana wazi, Madagascar pia, na barafu ya kusini chini kabisa. Katikati, kwenye mawingu, ni kwetu. Wakati ule inchi iliitwa Zaïre. Basi bibi zetu waliokuwa hapa siku ile wamo ndani ya foto, hata kama hakuna aliyewaambia wajipange.

Watoto wanauliza tena: nyota ziko wapi? Jua lilikuwa linaangaza udongo wa mwezi kwa nguvu sana, kwa hiyo aparei ilifunguka muda mfupi mno, na mwanga mdogo wa nyota haukupata nafasi ya kuingia. Jaribuni nyumbani: usiku, mtoto asimame chini ya taa kali, mumpige foto. Mtamuona yeye, nyota hamtaziona.

Kule chini aparei ilifungwa kifuani. Kwa kofia ile kubwa hawakuweza kuweka jicho, basi waligeuza mwili wote kuelekea kitu wanachotaka. Katika safari ya kwanza ya kutua, Julai 1969, aparei ilikuwa karibu wakati wote na Neil Armstrong. Matokeo yake, foto nzuri karibu zote ni za mwenzake, Buzz Aldrin. Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, mara nyingine anaonekana tu kama kitu kidogo kwenye kioo cha kofia ya Aldrin. Sisi wamama tunalijua jambo hilo. Fungueni albamu ya ndoa ao ya ubatizo: aliyepika hayumo.

Lakini foto tunayoipenda kupita zote ni ya Charles Duke, wa Apollo 16. Kabla ya safari, mafunzo yalimweka mbali na bibi yake na watoto wao wawili, wavulana wadogo. Aprili 1972 alibeba foto ya wote wanne, ndani ya plastiki. Nyuma iliandikwa kwamba hii ni familia ya mwanaanga Duke, kutoka dunia, na mwezi na mwaka aliofika. Wote waliweka sahihi. Akailaza juu ya udongo, akaipiga foto, akaiacha. Mchana wa kule joto linapita digrii 100, kwa hiyo rangi labda zimekwisha kufutika. Tunayoiona leo ni foto ya ile foto.

Tunaifikiria sana kwa sababu ya yale tunayoyaona hapa. Vita ikikaribia, mama anabeba chungu, nguo, mtoto mgongoni. Foto zinabaki ukutani. Mtoto akipotea njiani, wanaosaidia kumtafuta wanauliza: uko na foto yake? Na hata foto zinazookoka, nyuma ni tupu. Miaka kumi ikipita, hakuna anayejua kama yule mzee wa kushoto ni mjomba ao jirani.

Mama mmoja alituambia foto ni mambo ya wenye franga. Kuchapisha kunauliza franga, ni kweli. Lakini moja inatosha, yenye watu wote wa nyumba, na wewe mama ukiwa ndani. Andikeni nyuma majina yote, kijiji na tarehe, kwa biki, pole pole ili isitoboke. Fungeni ndani ya plastiki pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto, mahali ambapo mkono unafika hata gizani. Wenye foto katika telefone tu, mtumie ndugu anayekaa mji mwingine, kwa maana telefone zinaibiwa.

Kama mama hajui kuandika, mtoto wa darasa la nne anaweza. Umtajie majina tu, akianza na la bibi yake.