Waraka wa Mwalimu Mkuu na Maji ya Rufiji

Katika shule ya msingi, maandishi yasomwayo na waalimu kwa makini kuliko yote si kitabu, bali ni tangazo la Mwalimu Mkuu la kila wiki. Zamani lilibandikwa ukutani. Siku hizi aghalabu hupelekwa kwa simu. Humo mna zamu, kikao, na tarehe ya kukagua maandalio ya masomo. Wasomi hawalihesabu kuwa insha, na hapo ndipo wakoseapo, maana katika tangazo hilo hujulikana kama shule ina kiongozi au ina karani tu.

Na litazamwe katika delta ya Rufiji. Mji wa Kibiti uko bara, kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Lakini sehemu ya wilaya yake ni visiwa na mikoko, ambako njia ni mkono wa mto na gari ni mtumbwi. Huko maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kiasi cha dakika 50. Basi yakiwa yamejaa saa moja na nusu asubuhi ya Jumatatu, Jumatatu ya pili saa ile ile yatakuwa yamekupwa, na mtumbwi utakwama topeni. Kwa hiyo wiki moja, ambayo kwa karani ni safu ya tarehe, kwa mkaa delta ni safari ya kutoka bamvua hadi maji mafu.

Tangazo linakilipo agizo la ofisini neno kwa neno, kwamba waalimu wote wafike saa fulani bila kukosa na kwamba hatua kali zitachukuliwa, huwa limeandikiwa barabara ya lami. Mwalimu avukaye mkono wa mto huhesabiwa mtoro kwa kosa la mwezi, na mtoto afikaye na tope magotini hukuta somo la kusoma limekwisha.

Wako watakaosema kwamba serikali ina kalenda moja, na kwamba mvivu akipewa maji kuwa udhuru hatafika kabisa. Hoja hiyo yageuka dhidi ya wenyewe. Kujaa na kupwa hujulikana mapema. Mvuvi asiyejua kusoma huyajua. Tangazo likitaja saa za maji, mvivu hana tena pa kujificha. Wala saa za masomo hazipunguzwi, bali hupangwa: kusoma, kuandika na kuhesabu kwa wadogo kuwekwe wakati wote wamekwisha kuvuka, na kikao kiitishwe siku ambayo waalimu waweza kurudi makwao. Ukitaka kuruka, agana na nyonga.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu elimu imtengayo mtoto na jamii yake. Mafuriko ya 2024 katika Rufiji na Kibiti yalikumbusha tena kwamba huko maji hayangoji ruhusa ya mtu. Shule isiyoyataja katika waraka wake imejitenga na watu wake, hata kama imejengwa katikati yao.

Lawama haimwangukii Mwalimu Mkuu peke yake. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, hivyo hakuna lugha ya kigeni ya kusingizia. Chuo kimfunzacho mwanafunzi kuchambua utenzi, kisimfunze kuwaandikia watu wazima wenzake nusu ukurasa wenye sababu, adabu na ukweli wa mahali, kimemtuma kazini na kasia bila mtumbwi. Kabla ya kucheka lugha ya matangazo hayo, wasomi na wajiulize ni nani aliyewafundisha walioyaandika.