SPIKA MBILI NZURI ZATOSHA

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Msemo huu waufaa sana mtindo uliotuingia hapa Garissa, wa kununua ile mitambo iitwayo hom thieta: spika tano ndogo, wufa moja na boksi lililojaa sifa. Mzee akishauza ng'ombe sokoni, au shangazi aliye ng'ambo akituma pesa, ni sisi vijana tunaotumwa dukani kuchagua. Kwa hivyo, ndugu msomaji, shauri hili latuhusu.

Maoni yangu ni kwamba kwa nyumba zetu nyingi, spika mbili nzuri na amplifaya ya nguvu za wastani ni bora kuliko spika tano hafifu. Nina sababu nne.

Kwanza, tusidanganywe na hesabu za wati. Kwenye boksi utaona ati wati 5,000 PMPO. Hizo ni nguvu za kufumba na kufumbua tu, tena kila mtengenezaji huzipima anavyotaka. Hebu geuza mtambo usome nyuma unakula umeme kiasi gani. Kama ni wati 60, jamani, hizo 5,000 zitatoka wapi? Mtambo hauwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko zile unazopokea. Namba ya kuulizia ni ile ya RMS, yaani nguvu zinazodumu.

Pili, wati maradufu si sauti maradufu. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1, itafanya kwa wati 20 kazi ambayo spika ya desibeli 87 itaifanya kwa wati 40. Basi tazama spika kabla ya amplifaya.

Tatu, kuna omu. Hapa fizikia ya darasani yatufaa. Amplifaya ikitoa volti 20 kwa spika ya omu 8, mkondo ni ampea 2.5 na nguvu ni wati 50. Ukiunga spika mbili kama hizo sambamba, ukinzani unashuka hadi omu 4 na mkondo unapanda hadi ampea 5. Amplifaya isiyoruhusiwa kushuka chini ya omu 8 itachemka na kuungua. Na joto letu si mchezo! Digrii 35 ni jambo la kawaida, na vumbi nalo huziba matundu ya hewa.

Nne, spika tano zataka filamu iliyorekodiwa kwa njia tano, na spika mbili kati ya hizo zikae ubavuni au nyuma ya wasikilizaji. Nyimbo zetu nyingi zilirekodiwa kwa njia mbili au hata moja. Nyanya naye anataka habari za Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na hiyo ni sauti ya mtu anayesema. Wufa ikinguruma ovyo, maneno yanamezwa, naye anabaki kuuliza, "Amesema nini?"

Najua wenzangu watanipinga kwamba sinema bila mngurumo haina utamu. Ni kweli una utamu wake. Lakini mabati yakianza kutetemeka saa nne usiku, jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga hapati utamu huo, wala ndugu yetu anayejiandaa kwa KCSE. Kenya ina kanuni za kuzuia kelele tangu mwaka 2009, ila heshima ya ujirani ilikuwepo kabla ya kanuni. Isitoshe, vyumba vyetu vina mazulia na mito, vitu ambavyo hupunguza mwangwi, kwa hivyo hata sauti ya chini yasikika vizuri.

Mkienda dukani, chukueni wimbo mnaoujua vyema, mwombe mwenye duka aupige, kisha sikilizeni sauti ya mwimbaji kabla ya besi. Kama maneno hayasikiki, shukuruni na muondoke. Pesa zitakazobaki zitalipa karo au zitanunua vitabu. Ng'ombe wa mzee hakuuzwa ili tununue debe. Shime wenzangu, tuchague kwa masikio na kwa akili!