Mzazi Aulizwe Kwanza

Majuzi, katika hoteli moja mjini Kitale, nilimwona mhudumu akimpita mama na kumwuliza mtoto wa miaka kama sita atakula nini. Mtoto akataka chipsi na soda. Mama alipokataa, akamwagizia ugali kwa mrenda, wateja walimtazama kama bahili. Mimi naona alikuwa na haki. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya lishe na ya kutunzwa na wazazi, mhudumu hatajwi. Kiswahili nacho hutenga kula na kulisha: mtoto ndiye mlaji, mzazi ndiye mlishaji. Kwetu Bungoma, jirani hakumpa mtoto hata kipande cha muwa kabla ya kumwuliza mamaye.

Simtetei mzazi anayemshurutisha mtoto aliyeshiba. Yule wa Kitale aliumaliza mrenda wake, ingawa soda za meza ya pili alizikodolea macho hadi walipotoka.