Kirusi cha Kompyuta Si Uchawi

Jina la mji wa Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji wake, Wafipa, kuwa ni amri: tupa uchawi. Ni jina linalostahili kuheshimiwa, na leo tunaomba kuliazima kwa ajili ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka litaonekana dogo. Jambo lenyewe ni ugonjwa wa kompyuta za majumbani, na namna tunavyoutibu.

Pengine msomaji wa Unguja au Pemba atauliza habari hizi zinamhusu nini. Jibu ni kwamba zilianzia huko, katika kata ya Chanji, Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, na zikaishia kwetu. Ni shida kuutaja mji wa Bara usiokuwa na duka la Mpemba, na Sumbawanga haimo katika orodha hiyo. Familia moja ya huku iliyohamia Chanji kwa biashara ilikuwa na kompyuta moja nyumbani. Ndani yake mlikuwa na hesabu za duka, majina ya wadaiwa, nakala za vyeti vya watoto, barua za kiwanja, na picha za bibi mzaa baba, aliyekwisha tangulia mbele ya haki.

Siku moja kijana wa nyumba hiyo alichukua flashi akaenda steshenari kuchapisha kazi ya shule. Aliporudi na kuichomeka nyumbani, kila faili katika flashi lilionekana kugeuka kuwa njia ya mkato. Baada ya siku chache kompyuta ikawa nzito, matangazo yakajitokeza yenyewe, na mafaili ya nyumbani nayo yakawa hayaonekani. Watu wakasema mashine imerogwa. Baba akamwita fundi. Fundi akafanya kile ambacho vijana hukiita "kupiga windows": akafuta kila kitu, akaweka Windows mpya kutoka katika nakala isiyo halali, akalipwa, akaenda zake.

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Mafaili yale hayakuwa yamepotea. Kirusi cha aina ile huyaficha tu mafaili halisi, na mahali pake kikaweka vivuli vyake. Kilichofuta hesabu za duka na picha za marehemu hakikuwa kirusi, bali ni tiba. Na ugonjwa haukuondoka, kwani flashi haikuguswa na mtu. Likizo ilipofika kijana alikuja nayo Pemba, akaichomeka katika kompyuta ya ami yake, ambaye ni mtumishi wa umma na huimalizia nyumbani kazi ya ofisi. Jumatatu iliyofuata flashi ya ami ikaingia ofisini. Hatutaitaja ofisi hiyo, kwa kuwa shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Tunataka tu ieleweke kwamba kirusi kilitoka Ufipa hadi Pemba bila ya tiketi ya basi wala ya boti.

Kirusi cha kompyuta ni nini? Ni programu kama programu nyingine, iliyoandikwa na binadamu kwa makusudi, nayo hujinakili na kufanya asilolitaka mwenye mashine. Wala si jambo la jana. Mwaka 1986 ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, waliandika kirusi kilichokuja kujulikana kwa jina la Brain. Kilisafiri kwa diski laini za wakati ule, kutoka mkono hadi mkono, na kuvuka bahari. Diski zile zimekwisha, zikaja flashi, lakini mwendo wa ugonjwa ni ule ule. Zamani flashi iliweza kujiendesha yenyewe mara tu ilipochomekwa. Mlango huo Microsoft iliufunga mwaka 2011, hata katika matoleo yake ya zamani. Kirusi kikabaki na mlango mwingine, nao ni kidole cha mwenye kompyuta: ukibonyeza kile kivuli ukidhani ni faili lako, umekikaribisha mwenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutupa uchawi. Mashine haikurogwa, wala fundi si mganga. Anayeamini kwamba mashine yake imerogwa hatauliza kirusi kimeingia kwa njia gani, na asiyeuliza hilo atamlipa fundi kila mwezi.

Jambo la pili ni kujua tiba yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa mwananchi anaweza kuifanya nyumbani. Mara tu dalili zinapoonekana, kompyuta ikatwe na intaneti na flashi zote zichomolewe. Mwenyewe asiandike humo neno lake la siri wala habari za benki au za fedha za simu. Kisha atazame kama mafaili yake yamefichwa tu. Katika Windows 10 na Windows 11 pana mahali pa kuamuru vitu vilivyofichwa vionekane, na mara nyingi hapo ndipo roho ya mtu hutulia. Baada ya hapo aweke akiba ya vitu vyake mwenyewe, yaani maandishi, hesabu na picha. Asinakili programu, kwani ndimo kirusi hupenda kujificha, na akiba hiyo nayo ikaguliwe kabla ya kurudishwa.

Ndipo ifuate dawa. Matoleo hayo mawili ya Windows huja na programu ya kinga iitwayo Microsoft Defender, bila malipo yoyote. Kompyuta iunganishwe na intaneti kwa muda mfupi, ili kinga hiyo ipate maarifa mapya, kisha iamriwe kukagua mashine nzima. Uko pia ukaguzi wa pili ambao wengi hawaujui: kompyuta hujizima na kujiwasha upya, na ukaguzi ukafanyika kabla Windows haijaamka, wakati ambapo kirusi nacho hakijapata nguvu ya kujificha. Mwenye kompyuta asipakue programu tatu au nne za kinga kwa pamoja, maana hugombana zenyewe kwa zenyewe. Wala asiamini tangazo linalojitokeza ghafla na kumtangazia kuwa ana virusi mia. Mara nyingi tangazo hilo lenyewe ndilo mtego. Programu asizozijua azitoe. Ugonjwa ukikataa kutoka, hapo ndipo pa kufuta kila kitu na kuanza upya, akiba ikiwa imekwisha wekwa, na kwa kutumia Windows halali. Mwisho kabisa flashi zote za nyumba zikaguliwe au zifutwe, na maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia mashine nyingine iliyo salama. Anayesafisha kompyuta akaiacha flashi ni sawa na anayefua nguo akazirudisha katika kapu lenye uchafu.

Hatuna budi kusema wazi juu ya programu za wizi. Tunafahamu kwamba Windows halali ni ghali kwa mwenye kipato cha chini, na hatumlaumu maskini. Lakini wahenga walisema rahisi ghali. Programu iliyovunjwa kufuli humtaka mtumiaji kwanza azime kinga ya mashine yake, ndipo ikubali kuingia, na hakuna ajuaye aliyeivunja ameacha nini ndani. Mtu hawezi kumwamuru mlinzi alale, kisha akamlaumu kwa wizi. Asiyemudu kununua anayo njia ya halali: mifumo ya Linux na programu za ofisi zinazotolewa bure. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kutuonyesha njia hiyo tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Ni aibu kwetu kwamba kazi ile haikupewa nguvu iliyostahili.

Sasa tunageukia kwa ndugu zetu watumishi wa Serikali, kwani neno hili ni lao zaidi. Wapo wanaodhani kwamba kompyuta ya nyumbani ni shauri la nyumbani. Si kweli. Orodha ya walipwa pensheni, matokeo ya wanafunzi na majalada ya wagonjwa husafiri kila jioni katika mifuko ya mashati, ndani ya flashi zisizokaguliwa na mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika habari za watu azilinde. Haitamfaa mwananchi ambaye habari zake zimevuja kuambiwa kuwa zilivujia sebuleni.

Dunia imekwisha pata fundisho. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zipatazo 150, na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali ziliwarudisha wagonjwa. Lakini dawa ya udhaifu uliotumiwa na kirusi hicho ilikuwa imetolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuipokea, au waliokuwa wakitumia matoleo yaliyopitwa na wakati. Huku kwetu bado zipo ofisi zinazotumia Windows 7, ambayo huduma yake ilikoma Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na wanaoendelea kupata marekebisho ya usalama ni waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza. Ofisi ambayo haijapanga la kufanya imeacha mlango wazi usiku.

Wengine watasema sheria ipo. Ni kweli, ipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingilia na kuharibu data za mwenzake. Lakini sheria humtafuta mwenye kosa. Haimfundishi mwananchi kusafisha nyumba yake. Pia upo mtindo wa kuwacheka watu wa Rukwa, kwa kuwa taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania zimeutaja mkoa huo zaidi ya mara moja miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Kicheko hicho hakina maana. Familia ya Chanji haikumlaghai mtu. Ni yenyewe iliyoibiwa, na sisi tuliokuwa tukicheka tumepokea kirusi kile kile.

Taifa hili limewahi kuogopa kompyuta. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake nchini, kwa kuona kwamba zimeleta hasara kuliko faida. Marufuku yale yalikwisha, na leo mashine hiyo imo majumbani. Hatushauri turudi kule. Tunakumbusha jambo jingine la miaka ile ile. Mwaka 1973, kule Bara, iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hawakuambiwa wasubiri daktari. Waliambiwa ugonjwa unatoka wapi, wakapewa kazi ya kufanya kwa mikono yao.

Kampeni kama hiyo ndiyo tunayoitaka sasa kwa kompyuta, na tunatoa maombi matatu. Kwanza, ZBC na TBC zipewe vipindi vya mafunzo kwa Kiswahili chepesi, vya kuwafundisha wananchi kuweka akiba, kukagua flashi na kutambua mitego. Pili, mamlaka za serikali mtandao za Bara na za Zanzibar zitoe maagizo ya pamoja kuhusu flashi na kazi za nyumbani, na kila mtumishi anayelazimika kufanyia kazi nyumbani apewe kifaa cha Serikali, badala ya kutegemea kompyuta ya watoto. Tatu, kila wilaya iwe na dawati ambapo mwananchi, mwalimu na mwenye steshenari wanaweza kukaguliwa flashi zao bila malipo. Mafundi wetu nao wapewe mafunzo na vyeti, na wafundishwe kanuni moja kabla ya nyingine zote: usifute kabla hujaweka akiba.

Gharama ya mambo hayo si kubwa ikilinganishwa na hasara. Familia ile ya Chanji imeanza kuandika upya majina ya wadaiwa wake kwa kukumbuka, na wadaiwa wengine wamesahau kwa makusudi. Picha za bibi hazitarudi. Ami yake kijana, baada ya kujifunza kwa gharama ya ofisi yake, sasa huikagua kila flashi kabla ya kuifungua, hata iwe ya mwanawe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tunawaomba viongozi wetu waanze kuziba sasa. Sumbawanga imekwisha tuambia tutupe uchawi; iliyobaki ni kazi ya kusafisha.